Miji Aliyoigawa Mihambo

Mihambo wa Nzega analala, na analala mahali asipotakiwa kulala, juu ya baraza ya mawe kwenye uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa sababu amekula mabakuli mawili ya urojo, viatu vipya vinambana, na mkewe Kalunde amemwambia, Baba Shija, mimi naenda sokoni Darajani kununua kanga, wewe kaa hapa hapa, usiinuke, nikirudi tunakwenda kupanda boti. Naye kamjibu, niinuke niende wapi, mama? Mdomo wa Mihambo hauna breki, huo ndio ugonjwa wake. Mtu mwema, wallahi, hana neno na mtu, lakini kufikiri kunamchosha upesi. Kwake Nzega wajukuu wakimtegea vitendawili baada ya chakula hajaribu hata kimoja. Kitendawili, tega, na kabla mtoto hajamaliza, babu keshasema, sijui, chukua mji, chukua Mwanza, chukua Tanga, nipe jibu nikapumzike. Kwa miaka yote hiyo kagawa miji kama mtu anayegawa karanga, huku anacheka. Kalunde humwambia, wewe utakuja kutugawa na sisi, naye huzidi kucheka. Sasa anaegemeza kisogo kwenye mlango mkubwa wa nakshi uliopigwa misumari ya shaba safu kwa safu, anajiambia, nafumba macho tu, silali mimi, na hapo hapo mlango unafunguka kwa nyuma na Mihambo anaanguka chali upande wa pili.

Upande wa pili ni uchochoro ule ule, ila umegeuzwa. Duka lililokuwa kulia liko kushoto, vivuli vinaangukia kule jua linakotoka, na viatu vyake vimebadilishana miguu, ndiyo maana vinabana zaidi. Mbele yake amesimama papasi, wale vijana wa kuzungusha wageni mjini, kofia ya kiua kichwani, kandambili miguuni, miwani ya jua usoni, isipokuwa uso wenyewe haupo. Hakuna macho, hakuna pua, hakuna mdomo, ni ngozi tupu kama sahani iliyooshwa ikapanguswa, na ile miwani imekaa tu bila kuteleza, sijui imeshikwa na nini. Karibu Unguja, mjomba, anasema papasi, na sauti inatokea huko tumboni. Mihambo ni mtu wa adabu, hamuulizi mwenzake uso kaupeleka wapi. Anamwambia tu, asante, mwanangu, namtafuta mke wangu, kaenda Darajani, nipite wapi? Papasi anasema, njia zote zinakwenda Darajani, mjomba, tatizo lake hazifiki. Kitendawili. Na ule mdomo wa Mihambo, si unaujua tena, unasema tega. Wanangu wamejipanga mlangoni, anasema papasi, vichwa vyao vya shaba, hawaingii wala hawatoki. Mihambo anajikuna kichwa mara moja, basi, keshachoka. Ni askari. Siyo. Basi sijui, chukua mji. Mji gani? Chukua Mwanza. Papasi anajificha nyuma ya kona, anatokea hapo hapo ananuka sangara, anasema, nimekwenda Mwanza, wamenipa ugali na samaki, wakaniuliza mji wao nimepewa na nani, nikawaambia Mihambo wa Nzega, na kwa kweli wamenuna. Jibu ni misumari ya ule mlango uliokuwa umeuegemea. Mihambo anageuka kuutazama mlango, na mlango haupo tena.

Basi wanatembea. Uchochoro unajikunja, unajikunjua, unapanda ngazi na kuzishuka zile zile, na kila wakikata kona wanatokea kwenye kona waliyoikata. Mabarazani wamekaa wazee wasio na nyuso wanakunywa kahawa, vikombe vinakwenda pale ambapo mdomo ungekuwa na vinarudi vitupu, na wote, jamani, wanamjua. Mihambo, hujambo, anasema mmoja, ile Dodoma uliyotoa nimeipata mimi, ina upepo, umenichukulia kofia. Mwingine anasema, Tabora iko kwangu, asali yake nzuri, ila na nyuki wamekuja nao. Bibi mmoja mnene anamkamata shati, anamuuliza, wewe ndiye mgawa Tanga? Umenipa mimi, ukampa na wifi yangu, sasa hatusemezani, yeye kashika upande wa stesheni, mimi upande wa bahari, na sokoni tunapishana kama maadui. Mihambo anamwambia, samahani, dada yangu, ilikuwa mchezo na watoto. Mchezo gani, anasema bibi, na mimi nimeshahamisha vyombo? Mihambo anajitoa pale taratibu, kifungo cha shati kinabaki mkononi mwa bibi, na kwa kuchoka anajitupa kwenye baraza ya karibu apumzishe miguu.

Kitendawili, anasema papasi. Mihambo anajiambia moyoni, nyamaza, usiitikie, jifanye bubu. Tega, anasema. Babu yangu kalala nje mwaka mzima, kila apitaye humkalia tumboni, hajalalamika hata siku moja. Ni punda, anasema Mihambo. Punda analalamika sana, anasema papasi, ni vile wewe hujakaa naye. Ni baraza, mjomba, hiyo uliyoikalia. Nipe mji. Lakini jibu si umeshalitoa, anasema Mihambo. Jibu nimekukopesha, nipe mji. Chukua Mwanza. Ninayo. Dodoma. Yangu, anasema mzee wa kofia. Tabora, yangu. Shinyanga, yangu. Bukoba, Iringa, Moshi, na kila akitaja mtu anaitikia barazani, yangu, yangu, yangu, kama darasa linaloitwa majina. Basi chukua hii hii Unguja, anasema Mihambo, na uchochoro mzima unaangua kicheko. Mgeni huyo, wanaambiana, kakaribishwa sebuleni anagawa nyumba. Papasi bado kanyoosha mkono, haushushi, na kicheko hakiishi, na jasho linamtiririka Mihambo mgongoni, na yeye anataka tu mambo yaishe aende zake, basi neno linamponyoka. Chukua Nzega.

Kicheko kinakatika. Safari hii papasi haendi popote, Nzega yenyewe ndiyo inayokuja. Inaingia uchochoroni juu ya gari la ng'ombe, imekunjwakunjwa kama mkeka. Inatangulia stendi ya mabasi, wapiga debe bado wanaita abiria, ikifuatiwa na mashine ya kukoboa mpunga inayonguruma, halafu linapita bati la nyumba yake mwenyewe, analijua kwa kutu yake. Jirani yake Kasubi kaketi juu ya kigoda, anamenya karanga, anapita karibu kabisa na pua ya Mihambo na kumuuliza bila wasiwasi wowote, jirani, tunahamia wapi? Na juu kabisa, katikati ya masufuria na kuku, ameketi Kalunde na furushi la kanga mapajani. Mama Shija, anaita Mihambo, teremka. Niteremke niende wapi, anasema Kalunde, jiko langu limo humu, kuku wangu wamo humu, unataka nikapike baharini? Umeigawa Nzega, na mimi ni wa Nzega, sasa unaniita wa nini? Hasemi kwa ukali, na hilo ndilo linalomtisha mumewe, maana Kalunde asiyefoka hajapata kumwona. Gari linakata kona, manyoya mawili ya kuku yanabaki yakielea, na uchochoro unakuwa mtupu.

Hapo Mihambo anaogopa kweli. Anajiuliza atarudi wapi, atamwambia Shija nini, nani atamwekea maji ya kuoga na kumwambia yanapoa, na ghafla anamtamani Kalunde kwa namna ambayo hajamtamani tangu siku za uchumba. Anavua viatu, anavishika mkononi, anakimbia peku. Anakimbilia kulia anatokea kushoto, anakimbilia baharini anatokea sokoni, na soko limejaa vioo vitupu, na ndani ya kila kioo yumo Mihambo mwingine anayekimbia akitafuta mkewe, na hakuna hata mmoja aliyempata. Mwishoni anamkuta papasi kaegemea ukuta, hana hata jasho. Nirudishie mji wangu, mwanangu, anasema Mihambo, nakusihi. Kitu umetoa kwa mdomo wako mwenyewe, mjomba. Chukua viatu hivi, ni vipya. Vinakubana wewe, mimi vitanifaa nini? Lakini kwa vile umekuwa mteja wangu wa siku nyingi, anasema papasi, tegua kimoja. Kimoja tu, kwa akili yako, na mji ni wako. Mihambo tangu azaliwe hajategua kitendawili. Anakaa chini kwenye mawe, anavuta pumzi, anasema tega, na kwa mara ya kwanza anakusudia.

Nikiwa naye simsikii, anasema papasi, nikimkosa namsikia kila kona.

Redio, inataka kusema midomo ya Mihambo, na Mihambo anaiziba kwa mkono. Hilo nalo halijapata kutokea. Anaanza kufikiri. Mwanzoni kunauma, kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukianza kurudiwa na damu. Wale wazee wamerudi mabarazani, wanaweka vikombe chini, bibi wa Tanga anasogea na kile kifungo mkononi, wote wanangoja. Halafu kutoka kona ya juu inasikika sauti, Baba Shija, viatu hivyo si nilikwambia usinunue? Kutoka kona ya chini, Baba Shija, umeacha mlango wa banda wazi. Kutoka nyuma ya ukuta, Baba Shija, unanisikia lakini? Na Mihambo anaona aibu, kwa sababu miaka yote ya ndoa amekuwa akiitikia ndiyo, mama, huku hajui ameambiwa nini, na leo anayasikia yote, hadi lile la banda. Machozi yanamtoka, hayafuti. Ni mke wangu, anasema. Papasi anavua miwani taratibu. Nyuma ya miwani hakuna kitu, lakini hata hicho kisichokuwepo kinaonekana kusikitika. Umepata, mjomba, anasema. Mji nitakurudishia. Kama ni ule ule, hilo utaangalia mwenyewe.

Baba Shija, amka, watu wanapita. Mihambo anafumbua macho, na Kalunde kamsimamia na furushi la kanga. Anauchukua uso wa mkewe kwa mikono miwili mbele za watu, anaupapasa, macho yapo, pua ipo, mdomo upo na unamwambia, una nini wewe, tunaangaliwa. Njia nzima kwenda bandarini anamsimulia, kashikilia pindo la kanga yake kama mtoto, na Kalunde anacheka mpaka anasimama kupumua, ila lile la kuwa jibu la kitendawili limemwingia, hataki tu lionekane, anatengeneza mtandio wake bila sababu. Mihambo lakini hajatulia. Anatazama maduka, hakumbuki wakati wa kuja yalikuwa upande gani. Viatu vinabana vile vile. Shati lina pengo la kifungo, naye hajui lilitoka nalo Nzega au la. Anampigia simu Kasubi, simu haipatikani. Kasubi hazimi simu, anasema Mihambo. Yuko shambani, anasema Kalunde, kule mtandao shida. Inawezekana, anasema Mihambo, na anaitia simu mfukoni, na anaitoa tena.

Wanafika kwenye geti la bandari, abiria wanaingia, ndiyo boti ya mwisho ya leo. Na Kalunde, kwa furaha na kwa utani, maana ni nani angeacha kumtania mtu wa namna hiyo, anamwambia, kitendawili. Tega, anasema Mihambo kabla hajajizuia. Ananiita kwa sauti kubwa, anasema Kalunde, nikimfikia ananimeza, ng'ambo ananitapika mzima. Mihambo anasimama pale pale. Anautazama uso wa mkewe, ni wenyewe, hata kovu la utotoni lipo kwenye nyusi, lakini hata kule juu ya gari kovu lilikuwepo. Boti inapiga honi. Ni simba, anasema. Siyo. Ni mamba. Mamba hamwiti mtu, anasema Kalunde, haya, toa mji twende zetu. Sitoi. Utani tu, Baba Shija, toa hata Mwanza. Hata Mwanza sitoi, anasema Mihambo, wenyewe wamenuna. Boti inapiga honi tena, mabaharia wanaanza kufungua kamba, Kalunde anamvuta mkono, na yeye anakaa chini sakafuni katikati ya mizigo ya watu, kashika kichwa kwa mikono miwili. Mama Shija, nakusikia kila neno, anasema, lakini leo nafikiri mpaka nipate. Honi inalia mara ya tatu, ndefu, mpaka kunguru wanaruka kwenye mapaa, na Mihambo anageuka kwa hasira kuitazama boti. Hebu mwambieni huyo anyamaze kidogo, anasema, makelele yake yananipotezea jibu.