Akaunti ya Mzee

Kosa lenyewe lilikuwa la kijinga, na fundi wa kompyuta alilijua kabla hajaondoa kidole kwenye kibodi. Ofisi ilimwagiza afunge akaunti za wote walioacha kazi hospitalini. Akazifunga kumi na tisa, na miongoni mwazo ya mkuu wake mstaafu, yule waliyemwita Mzee. Miaka tisa tangu astaafu, hakuna aliyejisumbua kumpa mtu mwingine mamlaka juu ya kompyuta kuu ya idara ya mionzi, mashine ya zamani ya mfumo wa Unix. Ukitaka kurekebisha kitu, unaingia kwa jina la Mzee, basi. Uvivu mtupu! Sasa fundi alikuwa amejifungia nje mwenyewe.

Mipango ya mionzi ya wagonjwa wa saratani ilikaa humo, na programu ya kuipeleka chumba cha matibabu nayo iliendeshwa kwa jina la Mzee. Ikagoma. Kwenye benchi la nje alikuwepo dada yake fundi, wa tumbo moja, aliyetibiwa siku kumi kati ya thelathini.

Akampigia Mzee, amuulize neno la siri la msimamizi mkuu wa mashine, ambalo yeye peke yake alilijua. Simu ikapokewa na mkewe.

“Mwanangu, tangu apigwe na kiharusi hajui hata jina langu. Sembuse neno la siri.”

Siku ya pili daktari akaingia chumba cha mashine, uso umemkauka.

“Hakuna njia nyingine?”

“Ipo. Niizime, niiwashe katika hali ya matengenezo. Humo haimuulizi mtu neno la siri.”

“Sasa unangoja nini?”

“Haijazimwa miaka tisa, daktari. Naogopa isiamke.”

“Na dada yako asipotibiwa?”

Akaizima. Alipoiwasha, maandishi meupe yakateremka, na mashine ikamkaribisha kama mwenye nyumba. Akafungua akaunti ya Mzee, akajipa mamlaka yote, akacheka peke yake kwa raha. Kisha akatazama palipokuwa na mipango. Patupu. Diski iliyoibeba haikuamka. Aliweka sikio, akasikia inagongagonga, halafu kimya. Akaizima na kuiwasha mara nne. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma, na dada yake alianza matibabu mwezi huu.

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema tu kwamba kila mgonjwa atapangiwa upya, foleni ni wiki saba, na uvimbe wa kooni haungoji wiki saba.

Fundi akatoka, akaketi benchini, akamweleza dada yake yote bila kuficha.

“Ni wewe uliyeifunga?”

“Ni mimi, dada.”

Dada akashusha mtandio, akagusa mistari ya wino waliyomchora shingoni kuonyesha mionzi ipite wapi. Walikuwa wamemkataza kuitia maji hadi matibabu yaishe, isije ikafutika.

“Basi leo naweza kuoga vizuri,” akasema.

Fundi akamtazama daktari mlangoni, akitumaini atamkataza. Daktari akaitikia kwa kichwa.