Mwenyekiti Pyo na Kamera ya Saluni

Kamera niliinunua kwa ajili ya vichwa. Nina saluni hapa Bamgol, kijiji cha mabibi thelathini na wanaume tisa, na kazi yangu ni kutia nywele mawimbi. Kila bibi anataka mawimbi yaleyale: mafupi, yaliyokaza, yakae miezi minne. Nikawaza kwamba nikibandika picha za kazi yangu ukutani, huenda siku moja mmoja wao akatamani mtindo mwingine. Nilipobandika, ukuta ulionyesha kichwa kimoja mara kumi na nne.

Kumi na nne, kwa sababu ndizo picha zilizoenea kwenye memori yake. Ilikuwa kamera ndogo ya dijitali, rangi ya fedha, rahisi kuliko zote dukani mjini, na ilikuwa na tabia zake. Ilimaliza betri hata ikiwa imezimwa. Flashi yake iliwapa watu macho mekundu kama walevi, ingawa wengine hapa hawakuhitaji kusaidiwa. Lakini tabia yake kubwa ilikuwa uvivu. Ukibonyeza kitufe, inafikiri kwanza. Unasikia lenzi ikinung'unika, unahesabu moja, mbili, ndipo inapiga. Aliyekuwa anatabasamu amekwisha kuchoka, anauliza, "Bado?" Na huyo wa "bado" ndiye anayetoka kwenye picha.

Mwezi wa tisa mwaka ule, Mwenyekiti Pyo alimleta mpigapicha kutoka mjini awapige wazee picha za mazishi, bure. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Msibani watu huinamia picha ya marehemu, na usipojiandalia mapema, wanao watakukata kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu, uagwe ukiwa na kiwiko cha shemeji begani. Mpigapicha alikuja na vazi moja la hariri, mabibi wakapokezana. Kisha akaenda kuwanyoosha makunyanzi kwenye kompyuta yake.

Picha ziliporudi, Bi Malsuk, ambaye kijijini tunamwita Mama Gapsu, aliniletea yake saluni. Alikuwa na miaka sabini na tisa, nyumba yake iko mkabala na yangu, na mwenye kumnyamazisha alikuwa hajazaliwa.

"Huyu nani?" akaniuliza.

"Si wewe, Mama Gapsu."

"Huyu ni yai la kuchemsha lililovaa hariri. Nikifa leo watu watadhani wamekosea msiba."

Akataka nimpige upya kwa kamera yangu, nyumbani kwake, akiwa na suruali yake ya maua, akicheka. Nikamwambia kwenye picha ya mazishi mtu hacheki. Akasema yeye ndiye maiti, yeye ndiye anayeamua.

Sasa lazima niseme habari ya spika. Mwenyekiti Pyo alikuwa ameongoza kijiji miaka ishirini na mbili, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi alitangaza kwa kipaza sauti: mbolea imefika, daktari wa macho anakuja Alhamisi, aliyeacha mbuzi wake barabarani anajijua. Nguzo ya spika ilisimama kwenye ua wa Bi Malsuk, futi nane kutoka kwenye mto wake wa kulalia. Alikuwa ameomba ihamishwe, akaomba tena, kisha akaacha kuomba. Kiangazi kile alipanda ngazi, kwa umri ule, akaifunika spika kwa blanketi zito na kulifunga kwa kamba ya kukaushia pilipili.

Siku ya picha nilimkalisha barazani. Tulijaribu mara nyingi. Akicheka, kamera inafikiri. Ikimaliza kufikiri, yeye ameshafunga mdomo na ananitukana. Nilikuwa nimebonyeza kwa mara ya kumi na moja, au ya kumi na mbili, Mwenyekiti alipoingia langoni kama ng'ombe aliyekata kamba. Upande wote wa kusini wa kijiji haukusikia tangazo la chanjo. Alikuja moja kwa moja hadi katikati yetu, kidole mbele, mdomo wazi.

"Mama Gapsu, ondoa blanketi lako!"

Na hapo ndipo kamera ilipoamua kupiga.

Alipotambua kilichotokea aliniamuru niifute. Nikabonyezabonyeza vitufe mbele yake, nikasema imefutika. Ukweli ni kwamba sikujua kufuta moja bila kufuta zote, na kumbe picha ya kumi ya Bi Malsuk ilikuwa imetoka vizuri, meno yake matatu yote yakionekana. Blanketi halikuondolewa. Waliachana bila kuagana na hawakusemezana tena.

Mwezi wa kumi na moja, msimu wa kimchi, kabichi zinazochachushwa kwa chumvi na pilipili, Mwenyekiti Pyo alianguka shambani kwake akiwa na kabichi kila kwapa. Moyo. Hadi gari la wagonjwa linafika, mkewe alikuwa ameshamfumba macho. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Kijiji kizima kilikuwa na picha ya mazishi isipokuwa yeye. Siku ile ya mpigapicha alikuwa kazini kupanga foleni na kuwakemea watu. Alisema yake itapigwa baadaye, yeye bado kijana. Mwanawe Dongil akapata moja ya ofisini, baba amesimama na wakubwa wa wilaya. Walipoikata, sikio la mtu lilibaki begani kwake.

Nilikaa na siri yangu nusu siku. Sikujua kipi ni kibaya zaidi, kumpelekea mjane picha ile au kumficha. Mwishowe nikaibeba kamera nikaenda, nikamwonyesha Mama Dongil kwenye kioo chake kidogo, nikaomba radhi hata kabla hajaona.

Aliisogeza karibu na macho. Dongil akachungulia juu ya bega lake, akasema haiwezekani, baba anafoka, watu wataheshimu vipi msiba.

Mama yake akasema, "Nimeishi na huyu miaka hamsini na miwili. Yule mwenye sikio la ziada ni wa serikali, wampeleke serikalini."

Tukaenda naye mjini kusafisha picha. Ilipokuzwa ilikuwa na chenga kidogo, kamera yenyewe ndiyo ile. Kijana wa studio, kwa nia njema kabisa, akasema anaweza kuufunga mdomo wa mzee kwa kompyuta, kazi ya dakika kumi.

"Mimi nimejaribu miaka hamsini," Mama Dongil akamwambia. "Wewe utauweza kwa dakika kumi?"

Kwa hiyo tukamuaga Mwenyekiti Pyo hivyo, katikati ya maua meupe, kidole mbele, akimfokea kila aliyeingia. Watu waliingia na nyuso za msiba, wakainua macho, na mabega yao yakaanza kutikisika. Wengine waliinama wakabaki chini muda mrefu kuliko desturi, kwa sababu hawakuweza kuinuka na uso wa heshima. Mimi nilikimbilia nje mara mbili. Dongil alikuwa amenuna, kisha mjomba wake mmoja alipojikuta akimjibu marehemu, "Ndiyo, ndiyo, nimesikia," naye akashindwa, akalia na kucheka kwa pamoja.

Bi Malsuk alifika mchana. Supu ikapoa kwenye vijiko. Alivua viatu, akainama mara mbili sawasawa, akaenda kusimama karibu kabisa na picha, kile kidole kikielekea kifuani pake.

"Nimeliondoa," akasema. "Jana. Haya, tangaza basi."

Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Kisha akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, na Mama Dongil akaja akakaa naye, na sikusikia walichozungumza. Niliona tu kwamba alishikwa mkono na hakuutoa.

Tangu hapo watu wanakuja saluni kutaka "ya kama Mwenyekiti". Wanapanga kabisa: mmoja anataka apigwe akipepeta ufuta, mwingine akimgombeza mbwa. Nawaambia haipangiki, na kamera nayo inanisaidia kuwaambia.

Juzijuzi nilikwenda kwa Mama Dongil kumtia mawimbi, anaogopa barafu ya njiani. Nilimkuta mbele ya televisheni, ameshika kikapu cha maharage ambayo hakuwa akiyachambua, macho yote kwenye tamthilia. Picha ya mzee ilikuwa juu ya kabati, imegeuziwa ukutani. Nikashtuka, nikamuuliza kama wamekosana.

"Hapana," akasema, macho hayakutoka kwenye kioo. "Anaongea sana ikifika pale patamu."

Nikamfunga rola, nikampaka dawa, nikakaa naye kutazama. Tamthilia ilipokwisha akaniomba nimgeuze mzee haraka, utabiri wa hali ya hewa unaanza, na mzee hakuwa akipenda kuukosa.