Kava la Tairi la Akiba

Honi ya kwanza ilipopigwa nyuma yao asubuhi ile, mzee alitabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana.

"Umesikia?" akamwambia mkewe. "Wanatuonea gere." Akatoa mkono dirishani, akawapungia.

"Ndiyo, Kapteni," akajibu mkewe, macho barabarani.

Ukapteni alijipa mwenyewe. Alikuwa msoma mita. Siku aliyostaafu akanunua kofia yenye nanga, na tangu hapo ukimwita jina jingine haitiki. Na gari lenyewe, tusilinyime haki yake, lilipendeza: basi dogo lililogeuzwa nyumba, kitanda nyuma, jiko la gesi karibu na mlango, sinki, hata choo, ambacho Kapteni alikataza kisitumike kisije kikanuka. Walikuwa katika safari ya siku mbili kwenda kwa binti yao, ili wakwe nao walione.

Sasa ngoja nikwambie lilivyonunuliwa, maana hapo ndipo penye uchungu. Mkewe ni fundi cherehani. Alikuwa na karakana yake: vyumba viwili, vyerehani vinne, na meza ya kukatia vitambaa aliyochongewa na marehemu baba yake. Hati ya jengo ilikuwa na jina la mume, kwa sababu siku ya kutia sahihi yeye alikuwa wodini, amejifungua kitindamimba. "Si yote ni yetu?" bwana alisema. Haya. Miezi mitatu iliyopita fundi akaenda kumuuguza dada yake wiki mbili. Kurudi, anakuta kufuli geni mlangoni mwa karakana, na nyumbani gari limeegeshwa, limefungwa utepe mwekundu.

"Nilitaka kukushtukiza, mama watoto! Sasa pumzika. Na kadi ya gari nimeandika jina lako. Unataka nini tena?"

Hakulia. Angelia, mzee angepona. Uchungu ule akawa anakula nao na kulala nao. Alimwendea mwenye duka la vyuma aliyenunua karakana, naye, muungwana yule, akakubali kuirudisha kwa bei ileile, vyerehani na meza ndani yake, lakini mwisho Ijumaa. Jumamosi angebomoa ukuta. Siku hii ya safari ilikuwa Jumatano.

Alipotoka dukani kwake ndipo fundi alipokumbuka kadi ya gari ina jina la nani.

Jumatatu jioni alishona kava la tairi la akiba, lile tairi linaloning'inia mgongoni mwa gari. Turubai jeusi, herufi nyeupe, mshono maradufu: GARI HILI LINAUZWA, na chini yake namba yake ya simu. Hakumficha mtu. Alisimama mbele ya mumewe akalinyoosha kwa mikono miwili, akangoja. Kapteni alikuwa na ramani yake.

"Safi sana, mama watoto," akasema bila kuinua macho.

Hayohayo ndiyo aliyosema kuhusu gauni la harusi la binti yao, sare mia na ishirini za kwaya, na suti aliyovaa yeye mwenyewe siku ya kustaafu. Miaka ishirini na saba ya ndoa, hajawahi kutazama kitu alichoshona mkewe. Haya bwana, fundi akasema moyoni, utanitambua. Akaenda akalivisha tairi.

Basi siku nzima honi zikapigwa na Kapteni akapunga mpaka bega likamuuma. Kwenye kituo cha mafuta aliliegemea lile tairi apigwe picha, mgongo wake ukafunika LINAUZWA. Fundi alimpiga tatu. Walipotaka kuondoka, ikaita simu ya fundi kwa mara ya nne.

"Nani hao wanaokusumbua?"

"Wameona kazi ya mikono yangu, wanaulizia."

"Waambie umestaafu!"

Fundi akasema simuni, "Mzee hapa anasema nimestaafu. Lakini wewe njoo tu kesho asubuhi, tutalala nyuma ya stendi." Aliyepiga alikuwa mchimba visima, amechoka kulala chini ya lori kila anakopata kazi. Alikuwa amewafuata nyuma mwendo wa saa nzima, akilimezea mate gari lile.

Jioni waliingia kwenye uwanja wa kulaza magari nyuma ya stendi ya mabasi, wenye mabomba ya maji na soketi za umeme. Kapteni akaweka kabari chini ya magurudumu, akaunganisha mpira wa maji, akatandaza kivuli cha turubai, kisha akakunjua kiti. Kiti kilikuwa kimoja, cha Kapteni. Fundi alikaa kwenye ngazi ya mlango.

"Huyu nimemstaafisha," akawaambia majirani wa gari la pili. "Alikuwa anakufa na cherehani." Majirani walikuwa wamekwisha kusoma tairi. Wakatazamana, wakaingia kwao kucheka.

Wakati wa kula, Kapteni alimwekea mkewe paja la kuku, yeye akabaki na shingo. Roho ya fundi ikalegea. Miaka ishirini na saba si mchezo. Akafungua mdomo amwambie.

"Ile meza yako ya kukatia," Kapteni akamtangulia, akinyonya mfupa, "nimempigia yule jamaa wa duka la vyuma, Jumamosi aipasue. Nitapata mbao za rafu ya viatu humu."

Fundi akafunga mdomo. Akalila lile paja lote, akasafisha na mfupa.

Asubuhi, Kapteni akiwa ameenda kuoga kwenye bafu la uwanja, mchimba visima alifika na kaka yake. Wakawasha injini, wakachungulia chini, wakakubaliana. Fedha zikaingia benki, simu ikalia ting. Fundi akashusha begi la mumewe, na kiti.

Kapteni alirudi taulo begani, povu sikioni, akamkuta mtu ameshika usukani wake.

"Ebo! Shuka! Mama watoto, huyu nani?"

"Mwenye gari."

"Umeuza? Umeuza bila kuniambia?"

"Nilikuonyesha." Alikuwa amelivua kava. Akalinyoosha mbele yake kwa mikono miwili, vilevile kama Jumatatu. "Ukasema safi sana."

Kapteni akasoma, midomo ikicheza, herufi moja moja. Nyuma yake gari likatoka uwanjani taratibu. Hakugeuka kulitazama. Aliketi kwenye kiti chake, kava magotini, akapitisha kidole kwenye mshono, akarudia.

"Umenyooka," akasema kwa sauti ndogo. "Huu mshono umenyooka kweli."

Fundi alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu ujana wake. Yakamchoma, sikufichi. Lakini basi la kurudi nyumbani lilikuwa limeanza kuunguruma stendini, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

"Najua," akasema, akatwaa pochi yake.

"Na tiketi yangu?"

"Wewe si ndiye unayependa safari, Kapteni?"

Akapanda, akakaa dirishani. Basi lilipopita mbele ya kile kiti lilipiga honi, na fundi akatoa mkono nje akapunga.