Eka Moja ya Ziwa

Kisiwani Nabwero mbuzi alifungwa kwa kamba ya hatua mbili, maana hatua ya tatu ilikuwa shamba la jirani. Bernadetta, mjane mwenye wajukuu watatu, alikuwa na nusu eka, yote muhogo. Mwaka 1974 ikaja amri: kila kaya ilime eka moja ya pamba, na asiyetimiza avushwe kwenda kijiji kipya upande wa Sengerema. Eka nzima ingetoka wapi, hakuna aliyeambiwa.

Rwegasira, Bwana Shamba, alipima kwa kamba mara mbili.

"Shikamoo mama. Hata ukiung'oa muhogo wote, hutimizi."

"Marahaba. Sasa nilime wapi, mwanangu?"

"Mimi napima tu, mama."

Juma zima Bernadetta hakutulia. Alizunguka nyumba, akahesabu mashina, akazunguka tena. Jumatatu alishuka ziwani na jembe, akaanza kulima maji. Yalipinduka vizuri, bonge kwa bonge. Jirani yake Maige, aliyekuwa akishona wavu, alimuuliza kama angepanda kwa mistari. Akasema kwa mistari, wasije wakamsumbua.

Mvua zilipokoma, pamba ilikuwa imefika kiunoni na samaki walipita chini yake. Rwegasira alikuja kwa mtumbwi, akapima, akapata eka moja kamili. Alimkaripia kidogo kwa mistari iliyopindishwa na mawimbi, kisha akaandika kwamba ametimiza. Bernadetta alicheka kwa mara ya kwanza tangu amri ile ije.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Kijiji kilihitaji ghala la pamba, na kamati ya kijiji ikaona kwamba Bernadetta ndiye pekee mwenye shamba la ziada. Wakachukua ile nusu eka ya nchi kavu, wakamwachia nyumba. Muhogo uling'olewa kwa adabu, ukarundikwa mlangoni pake.

"Sasa wajukuu wangu watakula samaki na nini?" Bernadetta aliuliza.

"Ziwa lote liko mbele yako, mama," alisema Rwegasira, wala hakuwa anatania.

Basi akakata pingili za muhogo, akazipanda majini kando ya pamba. Zikaoza wiki hiyohiyo. Akapanda nyingine karibu na miamba, nazo zikaoza. Ziwa lilikubali pamba tu.

Msimu uliofuata Rwegasira alirudi na kamba ndefu zaidi. Safari hii mjane alitakiwa kulima eka mbili, kwa kuwa nafasi ipo. Bernadetta aliitikia salamu, akachukua jembe, akasimama nalo.

"Mwanangu, huko Sengerema muhogo unaota?"

"Unaota sana, mama. Lakini huko wanapelekwa wasiotimiza."