Wifi wa Mama Cherehani

Siku Kimya alipomletea mama yake habari kwamba shangazi yake yu hai na yuko njiani anakuja, Mama Cherehani alikuwa anakaza vifungo vya sare za shule. Hakushtuka kwa sauti. Aliichomeka sindano kwenye kola, akauliza, "Anakula nini?"

"Mama! Nakwambia dada yake marehemu baba aliyenizaa yuko hai, wewe unauliza anakula nini?"

"Kwani wa ng'ambo wanaishi kwa hewa?"

Wakacheka wote wawili. Lakini kijana alipotoka, mama alibaki ameshika ile sare, akikaza kifungo alichokwisha kukikaza.

Kimya hakuwa wa tumbo lake, na mtaa mzima ulilijua hilo. Mama mwenyewe alimwambia mtoto mapema, wakati meno ya utoto yanang'oka, asije akaambiwa na watu barabarani. Kimya aliingia nyumba ile akiwa bado ananyonya, mwaka wa mauaji, na kwa muda mrefu baadaye hakutoa neno. Ndipo majirani wakampa jina hilo. Siku alipofungua mdomo hakuufunga tena. Sasa ni fundi umeme, mtu mzima mwenye mke, na husemeshana hata na nyaya, lakini jina limemganda.

Kupatikana kwa shangazi kulikuwa kwa bahati tu. Kimya alikuwa juu ya ngazi katika hoteli moja, anabadilisha taa, mzee mmoja mgeni akamkodolea macho hadi ikabidi ashuke. "Uso huu naujua," mzee akasema. "Baba yako alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa anakunja paji hivyo hivyo." Zikapigwa simu, moja ikazaa nyingine, mpaka ikaita jikoni kwa mama mmoja aliyekwenda kusoma ng'ambo kabla ya mauaji na kubaki huko, akiamini kwamba hana tena ndugu chini ya jua.

Mama Cherehani alifagia, akapiga deki, akafagia tena palipokwisha kufagiwa. Alifurahi kwa ajili ya mwanawe, kweli kabisa. Ila kila alipoinama na fagio wazo lilikuwa lile lile: anakuja kumchukua.

Shangazi akaja. Mrefu, paji lile lile, na mikono mitupu, maana basi lilikuwa limepeleka sanduku lake mji mwingine. Alimkumbatia Kimya pale mlangoni mpaka kijana akakosa maneno, jambo lisilo la kawaida kwake. Mama Cherehani akapewa mkono wa adabu, baridi kidogo, na macho yaliyompima toka utosini hadi kwenye kandambili.

Siku ya tatu sanduku lilikuwa bado halijaonekana, na mgeni alikuwa bado na gauni lile lile. Kimya alipokwenda kazini, Mama Cherehani alishuka kwenye kiti chake cha cherehani, akachukua futi kamba.

"Simama hapa nikupime. Siwezi kuwa mshonaji halafu mgeni wangu anafua usiku na kuvaa asubuhi."

Shangazi akasimama, akanyoosha mikono. Futi ilipomzunguka kiunoni aliuliza, akitazama ukutani, "Ilikuwaje?"

Mama Cherehani alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa taratibu moja moja, akazichomeka kwenye pindo la nguo yake. Alijua swali lingekuja, na alikuwa ameapa kutolikwepa.

"Ilianza na utani," alisema. "Sisi watu wa juu, ninyi watu wa chini. Tulitaniana tangu zamani, nani mvivu, nani mchoyo, tukioana na kuzikana. Kisha wakubwa wakaona utani ule una faida kwenye kura. Redio ikaanza kutusomea nani kala haki ya nani. Kila anayekosa kazi akaambiwa kuna mtu wa chini amekikalia kiti chake. Pale bombani tukawa na foleni mbili za maji. Mimi nilisimama kwenye ya kwetu, nikaona ni upuuzi utakaopita. Walipoanza kuwaita mende kwenye redio, watu tayari walikuwa wamezoea."

"Na kaka yangu?"

"Siku yenyewe, mke wa kaka yako alipitia uani. Nilikuwa nanyonyesha binti yangu, yule aliyekwisha kuolewa. Akaniwekea mtoto wake kwenye ziwa la pili, akarudi kumfuata mumewe. Wauaji walipokuja, walikuwa kundi la vijana, wengi wageni. Wakauliza, hawa watoto wote wako? Na mmoja wao akajibu kabla yangu. Akasema, 'Ni mapacha wa dada yangu, twendeni.'" Mama Cherehani akaifungua futi kiunoni, akaitundika begani mwa mgeni. "Alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Alijua vizuri nimezaa mmoja. Akadanganya kumwokoa mtoto, kisha akatoka na wenzake wakaenda nyumba ya pili. Nyumba ya kaka yako."

Shangazi alishusha mikono. Alitoka nje na ile futi ikiwa bado inaning'inia begani.

Mama Cherehani hakumfuata. Alikata kitambaa kwa vipimo alivyokuwa amekwisha kuvishika kichwani, akaketi kushona, kwa kuwa hakujua mikono aipeleke wapi. Aliunga mabega. Aliweka zipu, akaifumua, akaiweka tena.

Jua lilikuwa limeegemea upande mgeni aliporudi, viatu vimejaa vumbi.

"Nimekwenda pale ilipokuwa nyumba," alisema. "Watoto wanacheza mpira. Nikakaa nikawatazama." Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Kaka yako yuko wapi?"

"Alihukumiwa. Akafia gerezani. Nilikuwa nampelekea sabuni na chakula. Wako walionitemea mate kwa hilo, na wako walionitemea kwa kumlea mtoto wa watu wa chini. Nilitemewa pande zote, nikafikiri labda nina uso wa kutemewa."

Shangazi alitaka kucheka, akalia. Alipotulia aliuliza, "Ulimsamehe?"

"Sijui, mwenzangu. Nilimpelekea sabuni. Kusamehe sikuona kunaanzia wapi."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli na kusalimu, Mama Cherehani akaitikia kwa mazoea.

"Nilikuja kumchukua," shangazi akasema. "Nimeshamtafutia kazi, yeye na mkewe. Nilimwambia jana. Unajua kanijibu nini? 'Shangazi, nitakuja kukutembelea hata kila mwaka, lakini mama haelewani na ngazi. Nani atambadilishia balbu?'"

"Mwongo huyo! Ngazi napanda!"

"Balbu haikuwa sababu, dada. Hata mimi nilielewa." Akajifuta uso kwa ile futi kamba bila kujua. "Njia nzima nikirudi nimekuwa najiuliza wewe nikuite nani. Dada wa yule mtu? Mlezi? Neno silipati."

"Mama wa mtoto wa kaka yako unamwita nani?"

Shangazi akaishusha futi usoni. "Wifi."

"Basi. Tena umeshaanza vituko vya mawifi: umenichukulia futi, umeniachia kazi." Akamrushia gauni. "Jaribu."

Alilivaa. Likamkaa vizuri, isipokuwa mkono mmoja uliokuwa mfupi kidogo.

"Wifi, mkono huu umenipunja."

"Huo mkono wako ndio mrefu."

Kimya aliporudi kutoka kazini aliwakuta wakibishana hivyo, kitambaa kimetapakaa sakafuni, na alisimama mlangoni akidhani ni ugomvi wa kweli. Walimkalisha katikati. Shangazi akamsimulia baba yake alivyokuwa akisemeshana na ng'ombe wagonjwa kama wagonjwa wa hospitali, akiwauliza wamelalaje, akiwapa pole, huku wenye mifugo wakijificha wacheke. Kimya alicheka hadi akashika mbavu, akataka hadithi nyingine, na nyingine, na Mama Cherehani naye akasogeza kiti. Yeye alimjua yule daktari kwa salamu za uani tu. Sasa na yeye alikuwa anamfahamu.

Asubuhi yake walikwenda wote watatu kwenye makaburi ya pamoja, nje ya mji. Shangazi alilia, kisha akataja majina ya waliolala pale, ya kaka yake na ya mke wa kaka yake, kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia. Kimya aliyarudia. Walipokuwa wanaondoka alitembea katikati, mmoja kila mkono, na akawa anawaeleza kwa kirefu jinsi ya kufunga taa za barabarani, ingawa hakuna aliyemuuliza.