Sauti Iliyobaki Juu ya Taa ya Vioo

Saa nne asubuhi, Jumapili ya pili ya Februari, Ermes Ghirardi alisimama kwenye ngazi za jumba la opera la Roccalba, akafungua daftari lake la jalada jeusi, akaanza kuita majina. Ukungu ulikuwa umeketi uwanjani tangu Novemba, kwa hiyo hakuwaona aliowaita. Alisikia tu "Nipo!" ikitokea huku na kule, akatia alama. Asiyeitika alifutwa, awe na homa, awe amefiwa. Hivyo ndivyo watu wa roshani ya juu kabisa, ambako viti ni vya bei ya chini na havina namba, walivyogawana nafasi tangu enzi za babu zao. Siku hiyo hapakuwa na onyesho wala kiingilio. Mkurugenzi alikuwa amewaita watu waje kutoa maoni kuhusu msimu ujao, lakini foleni ni foleni.

Mkewe, Ilva, alikuwa ndani tayari, akipanga vibao vya namba katika chumba cha makoti. Alikuwa na miaka sitini na saba, na zaidi ya nusu ya hiyo aliimaliza katika chumba kile. Kabla ya hapo, kwa jioni moja tu, alikuwa amesimama jukwaani.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1974. Opera ilikuwa Mke wa Mlinzi wa Mto, na Ilva ndiye alikuwa huyo mke. Katika sehemu ya tatu, mke anapomwita mumewe aliyechukuliwa na mafuriko, sauti inatakiwa ipande hadi mwisho wa uwezo wa binadamu, ikae hapo, kisha ishuke taratibu mpaka kimya. Ilva aliipandisha. Ilipofika juu, mluzi mmoja mrefu wa kuzomea ulitoka roshani, ukafuatwa na mingine, na okestra ikanyamaza. Pazia lilishushwa. Sauti haikushushwa.

Imebaki huko huko, shubiri tatu juu ya taa kubwa ya vioo. Haionekani, ila vumbi hutua juu yake na kuonyesha ilipo, ndiyo maana wafagizi huipangusa kila Jumatatu kwa brashi ya mpini mrefu. Ukikaa safu ya kumi, kiti cha saba, unaisikia, nyembamba, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu kutoka kwako. Fundi wa piano hulinganishia vyombo vyake hapo. Mwaka 1988 watu wa zimamoto waliikagua wakaandika kwamba haina hatari. Wageni huletwa kuisikiliza, na watu wa Roccalba huwaambia kwa majivuno kwamba hata jumba la opera la Milano halina kitu kama hicho.

Ilva tangu siku ile ameishi bila hiyo sauti. Akizungumza kawaida hakuna anayegundua. Lakini akitaka kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, neno likifika pale juu hukuta shimo, na linatumbukia. Kwa hiyo chakula kikiiva hupiga makofi mara mbili, na Ermes huja kutoka karakana yake ya matrekta akijifuta mikono. Ermes naye hajui kupiga mluzi. Wanaume wote wa bonde lile huita mbwa wao kwa mluzi, yeye hugonga sufuria. Alimwambia Ilva zamani kwamba hakuwahi kujifunza, na Ilva aliona ni jambo la kawaida, maana wako pia wanaume wasiojua kuogelea.

Kila mwaka Ilva alijaza fomu ya maoni na kuandika jina la opera ile moja. Hakutaka kuimba yeye. Alitaka mwimbaji yeyote mwenye pumzi asimame pale aimbe mpaka mwisho, ili sauti ile ikute njia ya kushukia na kurudi ilikotoka. Daktari wa moyo alikuwa amemwambia asipande ngazi nyingi tena. Alijua hana fomu nyingi mbele yake.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mwanga wa ukungu ulipenya madirishani na kuwafanya watu waonekane wamelala macho wazi. Mkurugenzi Cavazzuti, mtu mwembamba mwenye skafu ya hariri, alisoma orodha. Opera tatu zote ni za mtunzi mmoja, Mzee. Pale Roccalba ukisema Mzee hakuna anayeuliza mzee gani. Alizaliwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka hapo, na ingawa alikufa zamani wanamzungumzia kama mjomba aliyetoka kidogo kununua tumbaku.

"Sikiliza, Mkurugenzi," alisema Desolina kutoka roshani. Alikuwa na miaka themanini na moja, na sauti ya muuza samaki sokoni. "Mwaka jana ulituwekea malkia ndani ya mashine ya kufulia. Mashine ya kufulia! Mimi ninayo nyumbani, na inaimba vizuri kuliko yule."

Roshani ilicheka mpaka vumbi likadondoka.

Wakili Bertozzi aliinuka katika chumba chake cha pembeni cha kutazamia onyesho, ambacho ukoo wake umekikodi tangu enzi za nta na mishumaa. "Mimi naomba opera fupi. Sehemu tatu zinatosha. Ya nne ikianza, supu yangu nyumbani imeshapoa."

"Nenda kale basi, Wakili, utuachie hewa!" ilijibu roshani.

"Na yule mwimbaji mnene wa mwaka juzi msimlete," aliongeza Wakili.

"Mnene ni wewe! Yule alikuwa na mapafu."

Waliendelea hivyo saa nzima, na walikuwa na furaha kubwa, kwa sababu hakuna kitu watu wale wanakipenda kuliko kulalamikia kitu wanachokipenda. Kisha Mkurugenzi akasema jambo ambalo hakuna mkurugenzi aliyewahi kulisema: mwezi Machi una nafasi moja wazi, na nafasi hiyo wataijaza wao, kwa kunyoosha mikono.

Ilva alikuwa amesimama mlangoni, koti la mtu begani. Akatembea hadi katikati ya ukumbi.

"Naomba Mke wa Mlinzi wa Mto," alisema.

Watu walimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeomba maji ya baridi.

"Mama Ilva," alisema Wakili, "yale mambo yaliharibiwa na majirani zetu, watu wa Montefosco. Walikuja na basi zima. Sisi hapa hatukupiga mluzi hata mmoja."

"Basi zima," alikubali Desolina. "Nililiona kwa macho yangu."

Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwomba mpiga piano awakumbushe watu muziki wenyewe ulivyo. Mpiga piano alikuwa dada mmoja mnyamavu aitwaye Noris. Alianza polepole, mto ukijaa, mke akitoka nje na taa. Alipofika pale pa kuita, vioo vya taa kubwa vilitetemeka na sauti ile ikashuka. Ilishuka shubiri moja, kisha nyingine, ikangoja. Piano haina pumzi, haikuweza kuichukua. Ilva aliihisi juu ya paji la uso, yenye joto, yake. Akafungua mdomo.

Hapo ndipo miluzi ilipotoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza ilikwenda wapi. Ilikuwa imejibana nyuma ya malaika wa plasta, kwenye kona ambako brashi haifiki, na sasa ilitoka mmoja mmoja, ikijikung'uta chokaa, ikaanza kurudi kwa wenyewe. Mmoja ulimwendea Desolina, akaumeza kama dawa. Mmoja uliingia chumba cha pembeni na kujipenyeza chini ya masharubu ya Wakili Bertozzi. Minne ilizunguka juu ya viti vya watu waliokwisha kufa, haikupata pa kuingia, ikatulia kwenye mito ya viti hivyo. Hakuna hata mmoja uliotoka nje kwenda Montefosco.

Wa mwisho ulikuwa ule mrefu, wa vidole viwili, uliowatangulia wenzake. Uliizunguka taa mara mbili kwa starehe, ukapanda roshani, safu ya mbele, mahali pa mshika daftari. Ermes alifunga mdomo, akabana pumzi. Mluzi ulingoja mbele ya uso wake bila haraka. Binadamu hawezi kuishi amebana pumzi. Hatimaye alivuta hewa kwa mdomo, nao ukaingia.

"Kumbe basi lilikuwa dogo," alisema Desolina.

Noris aliondoa mikono kwenye piano. Sauti ya Ilva ilipanda tena mpaka mahali pake, shubiri tatu juu ya taa.

Mkurugenzi alikohoa, akasema wapige kura. Wakili aliomba neno moja kabla. Alisema yaliyopita yamepita, na kwamba opera ile ikiimbwa mpaka mwisho sauti itaondoka, na je, fundi wa piano atalinganishia wapi? Na wageni wataletwa kusikiliza nini? Watu walinong'onezana kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Chini ilinyooshwa mikono mitatu: wa Ilva, wa Noris, na wa mfagizi mmoja aliyechoka na brashi. Roshani ilihesabiwa na Ermes, kama kawaida.

"Roshani, hakuna," alisema, na mluzi mdogo ukatoka pamoja na neno. Yeye mwenyewe alikuwa amelishika daftari kwa mikono miwili.

Nafasi ya Machi ilipewa opera ya nne ya Mzee, ambayo Roccalba imeiona mara kumi na moja. Ilva alirudi chumbani kwake akagawa makoti. La Wakili alimvalisha mwenyewe, kwa sababu bega la kulia la Wakili halinyooki vizuri. Watu walisema asante, na yeye akasema karibu tena. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu kila mtu alikuwa mwema kwake.

Jioni alichemsha tortelli, vifuko vya tambi vilivyojazwa boga. Ermes alikaa mezani bila kuvua kofia.

"Mwaka ule ulikuwa umeshafunga sanduku," alisema.

"La kwenda kuimba Vienna. Ndiyo."

"Mimi nilikuwa na karakana. Na mama alikuwa kitandani. Ningekufuata vipi?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ungeniuliza, Ermes."

Jina lilipanda, likafika kwenye shimo, na Ermes akasikia nusu yake tu. Akaomba chumvi. Mluzi ulitoka na lile neno, na Ilva akampa chumvi. Mezani hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa chumvi.

Siku zilizofuata, mluzi ulitulia na kuzoea mdomo wa mwenyewe. Wiki ya pili Ermes aliujaribu uani. Mbwa, ambaye maisha yake yote aliijua sufuria tu, alikuja mbio tangu mara ya kwanza. Ulikuwa mluzi mzuri, mrefu, wa mtu wa miaka thelathini, na majirani walifungua madirisha kuusikiliza. Walisema ni ajabu mtu kuficha kipaji namna ile. Ermes aliona haya, akafurahi, na tangu hapo hupiga kila jioni, hata mbwa akiwa miguuni pake.

Ilva huusikia akiwa jikoni. Fomu ya msimu mwingine iko tayari chini ya sahani ya matunda, imejazwa, jina ni lile lile. Huonja supu, hupunguza moto, huenda mlangoni. Hungoja mluzi uishe. Kisha hupiga makofi mara mbili.