Maswali kwa Dada

Kwa miaka kumi na moja wakili huyu hakuchukua likizo. Ukimwambia apumzike, alikuangalia kama umemtukana. Lakini dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alipozidiwa na ugonjwa hata akaacha kula, wakili aliwagawia wenzake mafaili, akazima simu na kwenda kukaa naye.

“Makubwa! Mahakama imekuachia kwa dhamana?” dada alimtania, sauti imemkauka. Walicheka mpaka dada akapaliwa.

Siku ya tatu, mchana, dada alimshika mkono. “Mdogo wangu, kuna jambo sijawahi kukwambia. Ule mwaka uliolazwa na homa ya uti wa mgongo, nilikaa na wewe hospitali wiki nzima…”

“Wiki nzima? Si ulikuwa unafanya kazi kiwandani?”

“Ndiyo, lakini…”

“Walikupa ruhusa?”

“Hawakunipa.”

“Sasa ulikaaje? Au ilikuwa mwaka uliofuata?”

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Akisikia maneno mawili yasiyoshikana, ulimi ulimwasha. Ndivyo alivyopata sifa zote alizonazo. Dada aliuachia mkono wake, akageukia ukutani.

“Nilimwita mdogo wangu,” alisema polepole, “amekuja wakili.”

Wakili aliona haya, akaomba radhi. Dada akasema hana kinyongo, amechoka tu, watazungumza kesho.

Kesho yake dada aliamka hawezi kusema. Ni shemeji, mume wa dada, aliyemweleza jikoni, huku anakoroga uji ambao hakuna aliyeutaka.

“Alitoroka kazini akuuguze. Walimfukuza, na walikuwa wameshamwahidi usimamizi. Akanikataza nisikwambie, eti utashindwa kusoma.”

Wakili alishika ukingo wa meza. Yeye aliyeshindwa kutoka ofisini hata siku moja alikuwa amelelewa na mtu aliyeiacha kazi yake bila kuaga.

“Sasa jana alitaka kuniambia nini zaidi?”

“Sijui, shemeji. Nilimuuliza, akasema hilo ni lenu wawili.”

Alirudi chumbani, akauchukua ule mkono, umeshaanza kupoa kwenye vidole. “Endelea, dada,” alisema, machozi yakimtiririka. “Naapa sikukatizi tena.”

Akanyamaza, akasikiliza kama hajawahi kumsikiliza mtu maishani mwake. Dada alihema tu. Ilipofika saa kumi jioni hakuhema tena, na wakili aliendelea kukaa pale, kimya, akisubiri.